Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Njia ya Bahari ya Fair Isle

Ndugu wanachama,

Nawashukuru kwa kufika. Habari za fedha mtazipata kwa mweka hazina. Mimi nitajikita kwenye kazi iliyotukutanisha, yaani historia ya usafiri wa bahari kwenda Fair Isle, kisiwa kidogo cha Uskoti kilicho peke yake kati ya Orkney na Shetland.

Mwaka huu nguvu zetu nyingi zimekwenda kwenye zama za kabla ya feri. Chombo cha ratiba hakikuwepo. Wanaume wa kisiwa walitoka kwa mashua za makasia, nyembamba, zenye asili ya Norwe, wakazifuata meli zilizokuwa zikipita na kubadilishana nazo nguo za sufu, samaki na mazao kwa bidhaa walizokosa nyumbani. Wapo waliofia kazi hiyo. Naomba tulitaje jambo hili kila tunapoonyesha sweta za sufu za Fair Isle, kwa kuwa marembo yake yanasifiwa dunia nzima na wanaoyasifu ni nadra kuuliza sufu ile ilifikaje sokoni.

Katikati ya karne ya 19 kisiwa kilikaribia kuwa na watu 400, na maisha yakawa magumu. Mwaka 1862 zaidi ya 100 wakahamia New Brunswick, Canada. Karne iliyofuata watu walipungua mno, hata ikazungumzwa habari ya kuwahamisha wote waliobaki. Haikuwa hofu ya bure. Mwaka 1930 watu 36 wa mwisho wa St Kilda, visiwa vingine vya Uskoti vilivyo mbali, waliondolewa kwao. Fair Isle ilinusurika. George Waterston alikinunua kisiwa baada ya Vita Kuu ya Pili, akaanzisha kituo cha kuchunguza ndege, na mwaka 1954 kikawa mali ya National Trust for Scotland, shirika la kuhifadhi urithi wa Uskoti. Hayo yameandikwa sana. Kamati yenu inaamini kwamba boti za barua na abiria, zile zilizorithishana jina la Good Shepherd, zinastahili nafasi kubwa zaidi katika simulizi hilo kuliko zilizopewa mpaka sasa.

Good Shepherd IV ilianza kazi mwaka 1986. Hubeba abiria 12 tu. Safari ya kutoka North Haven, bandari ya kisiwa, hadi Grutness, kusini mwa Shetland, huchukua takriban saa mbili na nusu, na njiani kuna mkondo mkali karibu na Sumburgh, maji ya Atlantiki yanapokutana na ya Bahari ya Kaskazini. Hapo chombo huenda mrama hata baharia mzoefu akashika nguzo. Gari halipandi kwa magurudumu. Hunyanyuliwa kwa kreni. Bahari ikichafuka, boti yenyewe huvutwa kwa winchi hadi nchi kavu, ikalazwa mahali palipochongwa mwambani. Na mabaharia ni wakazi wa kisiwa, wenye kondoo na mashamba yao. Siku ya safari huamuliwa na hali ya hewa, na ng'ombe, barua, unga na mgonjwa hungoja pamoja.

Mwezi Januari 2023 serikali ya Uingereza ilitangaza takriban pauni milioni 27 kwa ajili ya feri mpya na matengenezo ya bandari zote mbili. Tunaifurahia habari hiyo kwa moyo wote. Anayetaka wazee wa Fair Isle waendelee kulowa chumvi ili sisi tupate picha nzuri hana nafasi katika chama hiki.

Ndani ya kamati tulibishana kwa muda mrefu: fedha kidogo tulizonazo ziende kwenye mfano wa boti wa kuonyesha, au kwenye kurekodi sauti za waliofanya kazi ndani yake? Msimamo wangu ni sauti. Mfano wa boti unaweza kungoja. Namna ya kusoma mawimbi ya North Haven kabla ya kushua chombo imo vichwani mwa watu wachache, na baadhi yao wamezeeka.

Kwa hiyo kamati inaomba mkutano huu uidhinishe mambo mawili: ununuzi wa vinasa sauti viwili, na nauli za wanachama watakaojitolea kwenda kisiwani msimu wa kiangazi. Wanaotaka kwenda wajiandikishe kwa katibu kabla hatujapiga kura, na wawe tayari kukwama huko siku kadhaa.