Tundu la ozoni na ahadi za tabianchi

Mhariri,

Wanaodai kwamba mataifa hayawezi kukubaliana juu ya mazingira wamesahau tundu la ozoni, yaani kupungua kwa tabaka la hewa linalotukinga na miale hatari ya jua. Wanasayansi wa Uingereza walilitangaza mwaka 1985, na miaka miwili tu baadaye Mkataba wa Montreal ukatiwa saini, gesi za kwenye majokofu na makopo ya kupulizia zilizoharibu ozoni zikaanza kuondolewa sokoni, kisha nchi zinazoendelea zikaundiwa mfuko wa kuzisaidia kubadili viwanda vyao.

Mkataba wa Paris wa 2015 kuhusu tabianchi uliiachia kila nchi ijipangie kiwango chake cha kupunguza gesi zinazopasha dunia joto, bila adhabu kwa anayekosa. Makaa ya mawe na mafuta, nakiri, hayaondoki kirahisi kama gesi ya jokofu. Lakini dola bilioni 100 kwa mwaka za kukabili mabadiliko ya tabianchi, ambazo nchi tajiri ziliziahidi nchi zinazoendelea kuwa zingepatikana ifikapo 2020, zilitimia 2022. Ucheleweshaji huo hauwezi kusingiziwa ugumu wa teknolojia.

Msomaji wenu