Barua kwa mwanangu: fumbo lako lina majibu mawili

Wete, Pemba

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Baada ya salamu, sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Mama yako anakusalimu, na mdogo wako anakusalimu zaidi kwa sababu ana neno lake kwako, nalo nitalieleza huko mbele. Barua yako imetufikia salama, na fumbo la manahodha wanne ulilolitia ndani yake limeishughulisha nyumba nzima. Nimefurahi mno kuona kwamba hukutosheka na kufumbua mafumbo yaliyotungwa na wengine, bali umeanza kutunga la kwako. Mchezo huu wa mantiki naupenda tangu ujana wangu, kwa hiyo nivumilie nikuandikie kwa urefu, kwani kazi yako inastahiki kusomwa kwa makini na si kusifiwa tu.

Nalinakili tena kama ulivyolileta, isipokuwa pambo la upepo nitakalolitaja huko mbele, ili maneno yaliyo mbele yako na yaliyo mbele yangu yawe mamoja. Manahodha wanne, Faki, Kombo, Makame na Shaame, waliingia bandari ya Malindi asubuhi moja, kila mmoja kwa wakati wake, na kila mmoja akiwa na shehena yake: dagaa, karafuu, mwani au nazi. Kombo alifika kabla ya Faki, lakini hakuwa wa kwanza. Aliyebeba karafuu alimfuata Shaame. Makame hakubeba karafuu wala mwani. Dagaa walifika kabla ya mwani. Nazi zilifika mwisho. Mwani haukuwa wa kwanza kufika. Ukauliza: nani alibeba nini, na alifika wa ngapi?

Mimi nililifumbua ndani kwa kalamu na karatasi, na mdogo wako akalifumbua barazani baada ya sala ya Isha. Jibu langu lilikuwa Shaame wa kwanza na dagaa, Kombo wa pili na karafuu, Faki wa tatu na mwani, Makame wa mwisho na nazi. Yeye akaja na Makame wa kwanza na dagaa, Shaame wa pili na mwani, Kombo wa tatu na karafuu, Faki wa mwisho na nazi. Tulibishana hasa, kila mmoja akiamini kwamba mwenzake ameruka mahali, mpaka mama yako akatuambia tubadilishane karatasi na kila mtu akague jibu la mwenziwe, dokezo moja baada ya jengine. Tukakagua yote sita. Hakuna lililovunjika upande wake, wala hakuna lililovunjika upande wangu. Neno la mdogo wako kwako, basi, ni hili: anataka umwambie ni jibu lipi ulilokuwa nalo moyoni, kwa sababu yeye anaamini ni lake.

Huenda ukaona kwamba kuwa na majibu mawili si kasoro kubwa. Naiona kubwa. Katika kitendawili mtegaji ana ruhusa ya kukuficha kitu. Anayetegewa nyumba isiyo na mlango atajibu yai akiwa amewahi kusikia, na asiyewahi kusikia atatoa mji, wala hakuna aliyedhulumiwa. Fumbo la mantiki lina mkataba mwengine. Mtungaji anamwahidi mfumbuaji kwamba kila anachokihitaji kimo ndani ya maneno aliyopewa, na kwamba akifikiri sawasawa atafika mahali pamoja tu. Kwa ahadi hiyo ya kwanza, mfano ni lile la mtu, chui, mbuzi na majani ulilokuwa ukisimuliwa na bibi yako, la kuvuka maji kwa chombo kidogo bila ya chui kumla mbuzi wala mbuzi kuyala majani. Watu wa Ulaya wanalo lile lile kwa mbwa mwitu, mbuzi na kabichi, na limo katika mkusanyiko wa Kilatini unaohusishwa na mwalimu Alcuin aliyefariki mwaka 804. Asiyejua chochote juu ya chui anaweza kulifumbua, kwa kuwa sharti zote amepewa. Fumbo lako linamfikisha mtu kwenye njia panda na kumwacha hapo, na hapo hawezi kuendelea ila kwa kubahatisha.

Sasa twende kwenye tiba, na hapa ndipo nilipopata raha kubwa kuliko ile ya kufumbua. Nilianza na dokezo lako la mwisho, kwamba mwani haukuwa wa kwanza. Hili halina kazi. Umekwisha kusema kwamba dagaa walifika kabla ya mwani, na kitu kilichotanguliwa hakiwezi kuwa cha kwanza. Nikalifuta, na majibu yakabaki yale yale mawili. Kisha nikayaweka majibu hayo sambamba nikatafuta yanapotofautiana. Kombo ana karafuu katika yote mawili, kwa hiyo kumtaja Kombo na shehena yake kusingesaidia. Lakini katika jibu langu mwani unaingia baada ya Kombo, na katika la mdogo wako unaingia kabla yake. Nikaandika dokezo jipya mahali pa lile la uvivu: Mwani ulifika kabla ya Kombo. Jibu langu likaanguka, na la mdogo wako likasimama peke yake.

Ningeweza kuishia hapo, lakini dokezo jipya likiingia hubadilisha kazi za yale yaliyokuwamo, na ni lazima kila moja lipimwe upya kwa kulitoa na kutazama kama majibu yanaongezeka. Nikatoa lile la Makame kutobeba karafuu wala mwani: jibu likabaki moja. Nikatoa lile la nazi kufika mwisho: likabaki moja. Nikatoa hata yale maneno ya kwamba Kombo hakuwa wa kwanza: bado moja. Mwisho nilibakiwa na sentensi nne fupi. Kombo alifika kabla ya Faki. Dagaa walifika kabla ya mwani. Mwani ulifika kabla ya Kombo. Chombo cha karafuu kiliingia mara tu baada ya chombo cha Shaame. Ukiondoa yoyote kati ya hizi nne, majibu yanazidi moja. Nilijaribu kila moja.

Tazama jinsi linavyofunguka. Dagaa wako mbele ya mwani, mwani mbele ya Kombo, Kombo mbele ya Faki. Hivyo ni vyombo vinne tofauti vilivyopangika mstari mmoja, na nafasi ziko nne tu, kwa hiyo dagaa ni wa kwanza, mwani wa pili, Kombo wa tatu na Faki wa nne. Karafuu haina pa kukaa isipokuwa kwa Kombo au kwa Faki. Ingekuwa kwa Faki, Shaame angelazimika kuwa wa tatu, na nafasi hiyo ina mwenyewe. Basi karafuu ni ya Kombo, Shaame ni wa pili na mwani wake, Makame ni wa kwanza na dagaa wake, na nazi zinamwangukia Faki. Mwanzoni kulikuwa na njia 24 za kuwapanga manahodha na njia 24 za kuwagawia shehena, jumla 576, na sentensi nne zimefuta 575.

Tena angalia jambo hili ambalo sikulipanga: Makame hatajwi katika dokezo lolote kati ya yale manne, wala nazi hazitajwi. Basi usiulize tena nani alibeba nini. Uliza mambo mawili tu: Makame alibeba nini, na nazi zilikuwa za nani? Hivyo ndivyo lilivyoulizwa fumbo mashuhuri kuliko yote ya aina hii, lile la nyumba tano lililochapishwa katika jarida la Life International Desemba 17, 1962. Wakaazi watano wa mataifa matano, kila mmoja na rangi ya nyumba yake, mnyama wake, kinywaji chake na sigara zake, madokezo 15, na maswali mawili, nani anakunywa maji na nani ana punda milia, ilhali maji hayamo katika dokezo lolote na punda milia hayumo. Mipangilio inayowezekana kabla ya kusoma madokezo ni 24,883,200,000. Watu wengi husimulia kwamba lilitungwa na Albert Einstein alipokuwa kijana. Ukisikia hivyo usiyabebe maneno hayo, kwa maana hakuna ushahidi wake, na fumbo lenyewe ni zuri bila ya jina kubwa.

Uliniuliza katika barua yako mtungaji atajuaje kwamba amefika mwisho wa kupunguza. Kwa fumbo dogo kama lako, mkono na subira vinatosha: unatoa moja moja, unahesabu majibu. Kwa makubwa, hata wataalamu walihitaji mashine. Katika Sudoku ya kawaida, mchezo wa kujaza tarakimu katika vyumba 81, watu walikuwa wakitunga mafumbo yenye tarakimu 17 tu zilizojazwa na jibu moja, lakini hawakujua kama 16 zingetosha. Mwaka 2012 Gary McGuire na wenzake wa University College Dublin walionyesha kwa hesabu ndefu za kompyuta kwamba hazitoshi. Napenda sana kwamba swali la mchezo liliwafanya watu wazima wafanye kazi kubwa kiasi hicho.

Kuhusu namna ya kutunga, anza na jibu. Kaa na jedwali tupu, ujaze mpangilio uutakao, kisha uandike mambo mengi ya kweli juu yake, hata ishirini, na uchague kati ya hayo. Dokezo la wazi, mfano Faki alibeba nazi, litumie kwa uchache, kwani linampa mfumbuaji jambo bila ya kumshughulisha. Yaliyo bora ni yale yasiyosema kitu yakiwa peke yake na yanayosema mengi yakikutana, kama hayo matatu yaliyojipanga mstari. Ukimaliza, geuka uwe adui wa fumbo lako. Usitafute kuthibitisha kwamba jibu lako ni sahihi, maana hilo unalijua. Tafuta kwa nguvu zako zote kuunda jibu la pili.

Yapime maneno pia. Uliandika kwamba aliyebeba karafuu alimfuata Shaame. Sisi tulichukulia kwamba aliingia mara tu baada yake, lakini msomaji mwengine ana haki ya kuelewa kwamba alikuja baadaye tu, hata kama chombo chengine kiliingia katikati, na kwa maana hiyo lipo jibu la tatu: Shaame na dagaa, Kombo na mwani, Faki na karafuu, Makame na nazi. Ndiyo maana nimeandika mara tu baada ya. Pia lile pambo la kusema kwamba upepo ulikuwa wa kusi limenipendeza masikioni, lakini mimi nilipoteza muda nikijiuliza kama linahusu nani atatangulia. Kama halihusu, litie katika hadithi ya mwanzo, mbali na madokezo, au liache.

Na kabla ya kulituma kokote, mpe mtu asiyejua jibu alifumbue mbele yako, nawe unyamaze. Hilo la kunyamaza ni zito. Utatamani kumwambia asome tena dokezo la pili, na ukimwambia hutajua kamwe kama angelifika mwenyewe. Mtazame anapokwama na anapotabasamu. Mahali anapokwama kwa sababu ya kufikiri ni pazuri, usipaguse. Mahali anapokwama kwa sababu hakuelewa ulichoandika, paandike upya. Wenzako wa dakhalia watakufaa kwa hili, maana sisi huku tumekwisha kukuzoea na tunakisia unachotaka kusema.

Naomba sasa utunge jengine na ulilete kwa njia ile ile. Liwe na watu watano, na makundi mawili ya vitu badala ya moja, madokezo yasizidi manane ukiweza. Jibu liandike katika karatasi ya pili uikunje na kuibandika, kwani mdogo wako ana macho mepesi, na karatasi hiyo nitaiweka mimi mpaka sote tumalize. Hilo la manahodha amelinakili katika daftari lake kwa zile sentensi nne na amelipeleka skuli. Mpaka naandika hivi wenzake watatu wamelifumbua, na wote wamekuja na nazi kwa Faki.

Mama yako anakuletea karafuu kidogo na mofa ndani ya mfuko huu. Tunakuombea dua, na tunasubiri fumbo.

Wasalaam,
Baba yako