Risala ya Mawakala wa Pesa za Simu na Wafanyabiashara wa Mpakani, Mpondwe, kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Viongozi wa wilaya ya Kasese, maafisa wa usalama, masheikh na wachungaji, wazee wetu, nanyi ndugu mliovuka kutoka Kasindi, upande wa Kongo,

Assalamu alaikum. Bwana asifiwe.

Mheshimiwa, tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu pamoja na majukumu mengi uliyonayo. Sisi ni watu wa vibanda: tunatoa na kutuma pesa, tunanunua kakao, kahawa na samaki, tunabadilisha shilingi na faranga.

Usiku wa tarehe 16 Juni 2023, hapa hapa mjini kwetu, waasi wa ADF wenye ngome katika misitu ya Kongo waliua zaidi ya watu 40 katika shule ya sekondari ya Lhubiriha na jirani zake. Wengi wao walikuwa wanafunzi, na wengine waliteketea bwenini. Tangu tulipozika watoto wale, tunaulizana swali moja: waliowaua walikula nini porini, na risasi walinunua kwa pesa ya nani?

Majibu yapo, Mheshimiwa. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika kwamba tangu angalau mwaka 2019 fedha za kundi la kigaidi la Dola la Kiislamu zimekuwa zikitoka Somalia, zikipita Afrika Kusini, Kenya na Uganda yetu hii, hadi kuwafikia ADF. Hazikusafiri kwa masanduku, zilipita mikononi mwa watu wa kawaida, kidogo kidogo, kama ada ya shule inavyopita. Na huko huko Somalia zinakotoka, kundi jingine, Al-Shabaab waliolipua Kampala mwaka 2010 wanatoza ushuru barabarani kama serikali. Mkaa wao ulikuwa ukipakiwa Kismayo kwenda nchi za Ghuba, hata Baraza la Usalama likaupiga marufuku Februari 2012. Mtu wa mbali aliyechoma nyama kwa mkaa ule hakujua anamchangia nani. Nasi tunaonunua kakao ya Beni, huko Kongo ambako ADF wanaua wakulima, je, tunajua gunia limetoka shamba la nani, na kama mwenyewe yu hai?

Mheshimiwa, tukueleze yanayotokea kibandani. Anakuja kijana tusiyemfahamu, ana laini nne za simu zilizosajiliwa kwa majina manne. Anatoa pesa laini hii, kisha ile, kila mara kiasi kidogo kisichozua maswali. Ukimwomba kitambulisho, anasema amekisahau, na anakuongezea kitu mkononi. Wakala ana kodi ya kibanda na floti, yaani mtaji wake wa kutolea pesa, inayopungua. Wengi wetu huandika namba yoyote daftarini, mteja akaondoka. Huo ndio mlango, na funguo tunazo sisi.

Sheria ya mwaka 2013 dhidi ya utakatishaji wa fedha inazitaka benki na kampuni ziripoti miamala yenye shaka kwa FIA, mamlaka ya serikali inayofuatilia taarifa za fedha. Uganda iliwekwa kwenye orodha ya kijivu, yaani ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu, ya FATF, chombo cha kimataifa cha kupambana na utakatishaji wa fedha, Februari 2020, ikatolewa Februari 2024. Tunaipongeza serikali kwa dhati. Ila wakala wa Mpondwe bado hajui ampigie nani saa moja jioni, na anaogopa mambo mawili: kulipiziwa kisasi na wenye pesa, na kulazwa mahabusu yeye aliyetoa taarifa.

Kwa hiyo tunaomba, kwanza, namba moja ya simu inayopokelewa usiku na mchana, kwa Kiswahili na Lhukonzo, na jina la mtoa taarifa lifichwe. Pili, mafunzo yafanyike hapa mpakani, si hotelini Kampala. Tatu, wanunuzi wakubwa wa kakao walazimishwe kuonyesha shamba mzigo ulikotoka, kwa sababu mchuuzi wa gunia moja hana nguvu ya kumuuliza tajiri wake.

Tena tunaomba msifunge njia za pesa kwa pupa. Mjane wa Kisenyi, mtaa wa Wasomali jijini Kampala, anayetumiwa na mwanawe pesa kwa hawala, yaani kupitia mawakala wanaoaminiana bila benki, hana kosa, na si haki kila Msomali au kila Mkongomani atiliwe shaka kwa lafudhi yake. Anayestahili kuulizwa ni mwenye laini nne na majina manne.

Kwa upande wetu, wanakikundi tumekubaliana kwamba kuanzia leo hatutatoa pesa bila kitambulisho, hata kwa ndugu. Tunaomba, Mheshimiwa, uwe shahidi wa ahadi hiyo, na daftari zetu zikaguliwe wakati wowote.

Tunaomba kuwasilisha.