Nataka kuwa afisa wa jeshi wa anga za juu, baba anataka kuuza mashine ya boti

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni binti wa miaka 19, kwetu ni Ngomeni, Malindi. Nimemaliza kidato cha nne, hisabati na fizikia nikafanya vizuri, na nimeitwa chuo kikuu kusomea ualimu wa masomo hayo hayo. Nyumbani ni furaha. Lakini mimi nataka kuwa afisa wa jeshi anayeshughulikia mambo ya anga za juu.

Nikisema hivyo watu hudhani nataka kupanda roketi. Kazi yenyewe hufanyiwa hapa hapa chini, kwa zamu, usiku na mchana: kufuatilia setilaiti, kupiga hesabu kama itagongana na nyingine au na vyuma chakavu vinavyozunguka dunia, kulinda mawimbi ya GPS ambayo meli na ndege zinayategemea. Shangazi unaikumbuka ile pete ya chuma iliyoanguka kutoka angani kijiji cha Mukuku, Makueni, Desemba 30, 2024? Upana mita 2.5, uzani kama kilo 500. Ingeangukia nyumba yenye watoto je? Tangu siku ile nimekuwa nikisoma kila ninachokipata.

Na kwetu mambo haya si ya kigeni. Baba ni mvuvi, na akitoka na boti anayaona yale majukwaa ya Waitaliano baharini, miguu ya chuma imesimama majini. Hapo ndipo zilipokuwa zikirushwa setilaiti kuanzia 1967 hadi 1988, kwa sababu tuko karibu na ikweta na mzunguko wa dunia huisaidia roketi kwenda kasi. Ile iliyoitwa Uhuru ilirushwa hapo Desemba 12, 1970, siku ya Jamhuri. Kwa nini mtoto wa Ngomeni abaki kuyatazama tu?

Sasa njia ndiyo inayonitatiza. Kenya haina jeshi la anga za juu kama lile Marekani waliloanzisha 2019. Binamu yangu aliye huko ananiita, lakini nimesoma kwamba kuwa afisa kule lazima uwe raia. Hapa tuna Shirika la Anga za Juu la Kenya, lililoundwa 2017 chini ya Wizara ya Ulinzi, lenye setilaiti ya Taifa-1 iliyorushwa Aprili 2023. Kwa hiyo mlango upo, ila sijui nipitie wapi.

Nikiomba ukadeti, yaani mafunzo ya uafisa wa jeshi, sasa, umri unaniruhusu, maana wanachukua wa miaka 18 hadi 26. Hofu yangu ni kwamba ukishaingia, kazi unapangiwa. Naweza kutoka chuo cha kijeshi cha Lanet nikapelekwa kikosi cha miguu na setilaiti nisiione maisha. Nikianza na digrii, ningependa nibadilishe kozi nisomee uhandisi wa vyombo vya anga Kenyatta au elimu ya nyota Chuo Kikuu cha Nairobi, kisha niombe kuwa afisa mtaalamu kabla sijapita miaka 30. Lakini gharama ya Nairobi si ndogo, na mama hataki kusikia. Anasema ualimu una mkate na msichana halali kambini.

Kuna jambo linaloniumiza zaidi. Jamaa mmoja, shemeji ya baba, amemwambia ana mtu wa kuniingiza jeshini kwa laki tatu. Baba ameanza kutafuta mnunuzi wa mashine ya boti. Matangazo ya jeshi yenyewe husema kujiunga ni bure na anayetoa hongo ni mhalifu sawa na anayepokea. Nimemweleza baba, akaniambia nisimvunjie heshima mkubwa wake. Mashine ile ndiyo inayotulisha sote, na wadogo zangu bado wako shuleni.

Shangazi, nianze na ukadeti au digrii? Je, nikibaki kwenye ualimu, fizikia yangu bado itanifikisha? Na baba nimwambie vipi asiuze, bila yeye na shemejiye kukosana? Nijibu mapema tafadhali, muda wa kubadilisha kozi unakaribia kwisha na huyo jamaa anazitaka pesa mwezi huu.

Binti wa Ngomeni