Ramani ya wanyama isiishie barabarani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie ramani za kompyuta zinazotumika kuchagua maeneo ya kipaumbele kwa wanyamapori. Nyenzo hii ni nzuri na tunaihitaji, ila nyingi zinaharibikia mwanzoni kabisa, kwenye data.

Programu kama MaxEnt hulishwa majiranukta ya mahali mnyama alipoonekana, kisha hulinganisha mvua, joto na uoto wa hapo na wa eneo zima ili kukisia pengine panapomfaa; hesabu hiyo ndiyo modeli. Tatizo ni kwamba nukta nyingi huchukuliwa kando ya barabara, kwenye njia za doria na karibu na kambi za watafiti. Ukiziingiza zilivyo, modeli inachora barabara na kuiita makazi ya mnyama. Dawa ipo: zipunguze nukta zilizorundikana, kisha chukua nukta za kulinganishia kutoka kule kule watafiti walikofika. Na unapoipima modeli, tenga data ya kuifundishia na ya kuipimia kwa vipande vya ardhi. Ukigawa kwa bahati nasibu, nukta jirani zinapeana majibu na alama zinapanda bure.

Mfano uko hapa hapa Dar es Salaam. Komba mdogo wa Rondo, mnyama wa gramu 60 hivi, anaishi kwenye vipande vichache tu vya misitu ya pwani, ikiwemo Pande na Pugu-Kazimzumbwi. Pande yote ni takribani kilomita za mraba 12, na data za hali ya hewa zinazotumika sana, za WorldClim, zina pikseli, yaani miraba ya ramani, za karibu kilomita moja kila upande. Msitu mzima unakuwa miraba kumi na kitu, na mvua yake haitofautiani na ya mitaa inayouzunguka. Kwa data hizo peke yake, kompyuta itasema pwani nzima inamfaa komba, hata pale miti ilipokwisha kuwa mkaa.

Kwa hiyo ongeza uoto kutoka picha za setilaiti za Sentinel-2, zenye pikseli za mita 10. Hapo napo pana mtego: mikorosho na miembe iliyoshonana huonekana kama msitu, na kiangazi miti mingine ya msitu hupukutisha majani ikafanana na shamba. Linganisha picha za misimu tofauti, halafu nenda ukahakiki kwa miguu. Kwa komba, nenda usiku na kinasa sauti, maana spishi zao hufanana mno kwa tochi. Mlio ndio unaozitenganisha.

Ombi langu kwa mamlaka zinazopanga shoroba na mipaka: kabla bikoni haijasimikwa kwenye ardhi ya kijiji, wanakijiji waonyeshwe ramani pamoja na nukta zilizoizaa na sehemu ambazo modeli yenyewe ina mashaka. Nukta za wanyama wanaowindwa na majangili, kama faru, zifichwe. Nyingine ziwekwe wazi, na mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji uingizwe kwenye hesabu tangu siku ya kwanza.

Mdau wa uhifadhi,
Dar es Salaam