Shukrani kwa fundi redio wa Tanga

Fundi, jina lako sikuuliza, kosa langu. Mimi ndiye yule wa kaseti.

Babu alikuwa Keya, yaani askari wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki enzi za ukoloni, akapigana Burma. Miaka ya 80 baba alimrekodi akisimulia walivyoteremka bonde la Kabaw mwaka 1944, mvua haikatiki, magari yamezama matopeni, mpaka Kalewa na kuvuka mto Chindwin. Kaseti ni hiyo moja tu. Wiki iliyopita redio ikautafuna mkanda, ukakatika.

Ulifungua skrubu zote, ukaunyoosha mkanda taratibu kwa pamba, ukauunga, ukauhamishia kwenye ganda la kaseti nyingine (ya taarabu, mwenyewe anisamehe). Kisha ukairekodi yote kwenye flashi, dakika arobaini, wateja wanasubiri. Limepotea neno moja tu. Nilipotoa pesa ukasema, "Mzee wangu naye alikuwa Keya," ukachukua hela ya flashi basi.

Wenye kaseti za wazee, zitoeni kabatini kabla ukungu haujazila.

Jana shangazi alimsikia babu akikohoa kabla hajaanza kusimulia. Akaomba turudishe nyuma, asikie kile kikohozi tena.