Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Koili Yetu na Suala la Kihami

Ndugu wanachama, assalamu alaikum.

Mihadhara mitatu ilifanyika, rafu ya vitabu ilitengenezwa, na wanafunzi walitembelea karakana yetu hapa Tudor. Hayo mnayajua.

Nije kwenye koili, yaani utepe tuliouzungusha uwe sumaku ya umeme, maana maneno yamekuwa mengi. Kamati ilinunua mita 40 za utepe wa supakondakta wa joto la juu (hupitisha umeme bila ukinzani ukipozwa sana, ila si lazima upozwe kama supakondakta za kawaida), upana milimita 4, unene kama 0.1. Tuliuzungusha mara 160 bila kihami, yaani kitu cha kuzuia umeme usipite, kati ya mzunguko na mzunguko, na wapo waliosema mwenyekiti amebana matumizi. Si kweli. Uamuzi ule niliusimamia mimi, na bado nausimamia. Utepe huu ukipata joto mahali pamoja, joto husambaa polepole mno, milimita hadi sentimita chache kwa sekunde. Volti haijaonekana kwenye mita, utepe umeshaungua. Pasipo kihami, umeme hupenya kwenye mzunguko wa jirani na kulikwepa doa lile. Hasara yake ni kwamba uga wa sumaku hukawia kupanda, nasi tunapandisha ampea kidogo kidogo mpaka 40, tukipata tesla (kipimo cha nguvu ya uga wa sumaku) 0.1 hivi. Hata sumaku ya tesla 20 ya chuo cha MIT na kampuni ya Commonwealth Fusion Systems za Marekani, iliyojaribiwa Septemba 2021 kwa ajili ya SPARC, kinu cha kuunganisha viini vya atomi, haikutiwa kihami baina ya mizunguko.

Lililostahili lawama ni epoksi, gundi ya kushikiza mizunguko. Ikipozwa hadi nyuzi 196 chini ya sifuri hujikunyata kuliko utepe na kubandua tabaka lake la supakondakta, ambalo ni maikromita moja au mbili tu. Kipande cha majaribio kiliharibika hivyo, na sasa tunatumia nta. Viungo tunalehemu kwa bati na risasi, 63 kwa 37, inayoyeyuka kwa nyuzi 183. Kiungo kikizidi nyuzi 200 kwa muda, tabaka hupoteza oksijeni. Na jamani, koili ikitoka kwenye naitrojeni ya kimiminika tunayoipozea ifungwe papo hapo ndani ya mfuko wa plastiki hadi ipate joto la chumba. Kwa unyevu huu wa Mombasa, ikiachwa wazi dakika chache tu inalowa chapachapa.

Sasa ada. Wanachama ni 31, waliolipa ni 14. Mkutano wa Julai walikuja 6, nao wa Septemba 8, ilhali akidi ni 11. Wengi wa wanaolalamikia kihami hawakuwepo siku tulipolijadili, na barua za mwaliko nilizipeleka mwenyewe, mpaka Likoni. Inauma. Naitrojeni huchemka na kuisha hata koili isipotumika, na kila jaribio lataka kujaza upya.

Mwakani, Mungu akijalia, tunatumai kupata mashine ya kupozea itakayotushusha karibu na kelvini 20 (nyuzi 253 hivi chini ya sifuri), ambako utepe huu huu hubeba umeme mwingi zaidi. Bei bado tunaulizia. Daftari la ada liko kwa mweka hazina, kila Jumamosi baada ya alasiri.